Kwa nini fundi akiona kompyuta anapiga Windows? Historia fupi, na mahesabu ya mama

Najua nimepotea. UE ilitubana, halafu chuo kikafungwa, halafu safari ya basi mpaka huku kwetu Mpemba, na mnaijua barabara ya Zambia ilivyo, malori yamepanga foleni kuelekea mpakani Tunduma utadhani yanagombea zawadi. Niliwaahidi stori za mazoezi ya kufundisha. Zitakuja. Leo kuna jambo limenikaa kooni, na kwa vile nasoma ualimu wa historia mtanivumilia nikilipeleka kihistoria.

Basi bwana, nilifika Alhamisi usiku, nikalala. Asubuhi namkuta mama kakaa mbele ya kompyuta, imezimwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza. Mama yangu si mtu wa kunyamaza. Nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, mahesabu yameondoka."

Niwaeleze kwanza. Mama ananunua mahindi na maharage kwa wakulima wa vijiji vya huku, mpaka kule barabara ya Isongole, anayaweka stoo, bei ikipanda anauza. Wengine anawalipa hapo hapo. Wengine wanaacha magunia wakisubiri bei. Wengine wamechukua hela ya mbolea mapema, watalipa kwa mahindi. Yaani biashara yenyewe ni kukumbuka nani anamdai nani. Miaka yote alikuwa na madaftari. Nilipofika mwaka wa kwanza nikajifanya mjuaji, nikamnunulia kompyuta ya mezani ya mitumba kwa hela ya bumu niliyojibana, nikamfundisha jedwali. Nikamwambia na maneno haya, nayakumbuka vizuri: "Mama, daftari weka pembeni, hii haipotezi."

Kumbe!

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta ilianza kuwa nzito, kuiwasha tu unaweza kuchemsha chai. Mama akamwita fundi, kijana mmoja tu wa mjini, simtaji na wala si mtu mbaya. Akaja mpaka nyumbani, akaangalia dakika mbili, akasema, "Mama, hii dawa yake ni kupiga Windows tu." Mama akavuta kiti akakaa pembeni yake kuangalia. Saa moja na nusu baadaye mashine inakimbia kama swala. Kalipwa hela yake kaondoka. Mama anatafuta jedwali lake pale mbele... hakuna kitu. Miaka miwili ya magunia na madeni, kwisha.

Nilikesha na programu ya kufukua mafaili. Nikapata picha za harusi ya mjomba na nusu ya wimbo. Faili la mahesabu lilirudi likiwa na alama za ajabu ajabu tu, halisomeki.

Nikampigia fundi nikiwa na hasira. Akaniomba radhi kabisa, kisha akasema, "Ndugu yangu, sisi ndivyo tulivyofundishwa. Kompyuta ikisumbua, unapiga Windows." Sasa ukimwambia mwanafunzi wa historia "ndivyo tulivyofundishwa" umemchokoza. Na aliyekufundisha wewe alifundishwa na nani? Na kwa sababu gani? Kila mila ina siku yake ya kuzaliwa. Nikaamua kuitafuta hii.

WA KWANZA KUPOTEZA MAHESABU SI MAMA

Kompyuta ya kwanza nchini kwetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Sio hizi za mezani, ni limashine la kujaza chumba. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Saba, wadau! Siku hizi bweni moja tu la chuo lina zaidi ya hizo.

Na kazi kubwa waliyotaka ile ya Fedha iifanye ilikuwa nini? Mahesabu ya serikali! Haikwenda vizuri. Wataalamu wa kwetu walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, hela zikaenda na mahesabu hayakukaa sawa. Mwisho wizara ikarudi kwenye mashine za zamani za kuhesabia. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, na televisheni humo humo.

Tunapenda kuicheka hiyo marufuku. Mimi mwenyewe niliicheka darasani. Lakini baada ya kumuona mama asubuhi ile nimepunguza kucheka. Mtu aliyepoteza mahesabu yake ndani ya mashine asiyoielewa, cha kwanza anachosema ni "itoeni humu ndani." Na mama alisema hivyo hivyo.

Ila marufuku ile ilitugharimu mahali ambapo hatukupaona. Kompyuta ndogo ya IBM, babu wa hizi tunazoweka sebuleni, ilitoka Agosti 1981. Yaani wakati wenzetu wanaanza kununua mashine wanaipeleka nyumbani, wanaifungua, wanaiharibu, wanajifunza kuitengeneza, huku kuingiza moja ni mpaka kibali. Kamba ililegezwa taratibu miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 zuio likaondoka. Tukaingia mchezoni kipindi cha pili.

MITUMBA, CD ZA KUCHOMA NA FLASHI

Tulipoingia tuliingia kwa kishindo. Mashine nyingi zilizofika majumbani na kwenye mastesheneri zilikuwa mitumba, zimestaafishwa maofisini ughaibuni. Na Windows zilizokuwa ndani? Nyingi ni za kuchoma kwenye CD, jina la toleo limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na huku kwetu iliishi miaka na miaka, kama Land Rover.

Sasa hapa ndipo mila ilipozaliwa, sikilizeni vizuri.

XP ilikuwa na tabia moja. Ukichomeka CD au flashi, inatafuta humo faili dogo la maelekezo, na ikilikuta inalifuata. Ilikuwa nia njema, eti mtumiaji asisumbuke. Watengeneza virusi wakasema asante sana. Kirusi kinajiandika kwenye flashi pamoja na hilo faili la maelekezo, flashi ikienda mashine nyingine, mlango uko wazi. Kile kirusi maarufu cha Conficker kilichoanza mwishoni mwa 2008 kilisambaa kwa mtandao na pia kwa njia hii ya flashi.

Sasa fikiria sisi. Intaneti ilikuwa ya kupitia setilaiti au simu, ghali, pole pole. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na hata hapo kufika bara ndani ikachukua muda. Kwa hiyo kazi zetu zilisafiri kwa nini? Kwa flashi! Ya stesheneri inakwenda shuleni, ya shuleni inakwenda ofisini, jioni inarudi nyumbani. Tulijenga mtandao wetu wenyewe wa mfukoni, na virusi vikapanda bila nauli.

Dawa ilikuwepo. Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho la kuifunga ile tabia ya flashi kwenye XP. Lakini sasisho linakuja kwa intaneti, na intaneti hatuna. Na wenye nakala za kuchoma walikuwa wamezima masasisho kabisa, wakiogopa ule ujumbe wa kukuumbua kuwa nakala yako si halali. Antivirusi nayo ina chakula chake cha kila siku, usipoilisha wiki mbili inakuwa pambo.

Kwa hiyo mtu akileta mashine yenye virusi, fundi ana kifaa gani mkononi? CD moja. Fomati, piga Windows, saa moja na nusu, mashine mpya. Haikuwa uvivu. Kwa hali ile ilikuwa ndiyo akili yenyewe! Tena mafundi wazuri walikuwa na nidhamu yake: diski inagawanywa mbili, Windows inakaa C, kazi za mwenye mashine zinakaa D, C ikifutwa D haiguswi. Na kabla ya yote unauliza, "Una vitu vyako humu?"

Hapo ndipo pa kupaangalia. Mila ilirithiwa, nidhamu yake ikabaki njiani. Mashine ya mama ilikuwa na C peke yake, na mimi mnunuzi sikuigawanya. Jedwali lake lilikuwa pale mbele, kwenye desktopu, maana kwa mama pale ni juu ya meza, kitu ukikiweka juu ya meza kiko salama. Hakuna aliyemwambia kwamba ile meza nayo iko ndani ya C. Mimi mwalimu mtarajiwa sikumwambia.

Na sababu zenyewe za mila zilishakufa! Windows 7 ya mwaka 2009 ilitoka ikiwa tayari haifuati maelekezo ya kwenye flashi. Windows 8 ya 2012 ikaja na antivirusi yake ndani. Windows 10, hii ya mama, iliyotoka Julai 2015, ina sehemu ya kujirudisha upya yenyewe, na inakuuliza kabisa: nibakize mafaili yako, au nifute yote? Fundi wetu hakuhitaji flashi ya kupigia Windows. Alihitaji kubonyeza mahali pawili na kusoma swali moja.

Kusoma swali. Twende hapo.

LUGHA YA LILE SWALI

Ukipiga Windows na ukachagua kufomati, mashine haikurupuki. Inakuonya kwamba hapa panaweza kuwa na vitu muhimu na kwamba ukiendelea vyote vitapotea. Unabonyeza kukubali ndipo inafuta.

Nikamuuliza mama, "Ulikuwa umekaa hapo pembeni. Kuna maandishi yalitokea?"

"Yalitokea. Akabonyeza."

"Hukumuuliza yanasemaje?"

"Yalikuwa ya Kiingereza, mwanangu. Nikajua ni mambo yake."

Jamani. Mama anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Onyo la kwamba mali yake inafutwa lilipita mbele ya macho yake, na akaona halimhusu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi ya kuiswahilisha kompyuta ilifanyika, tena hapa hapa nchini, tena zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, wakishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46. Mwishoni mwa mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia, ya majedwali na mengineyo, kwa Kiswahili, bure. Bure kihalali kabisa, maana ilikuwa programu huria, unaruhusiwa kuinakili, kumpa jirani, hata kuibadilisha ikufae. Mwaka huo huo Microsoft nao wakatangaza kwamba wanaileta Office kwa Kiswahili, na baadaye kikatoka kifurushi cha kuivalisha XP yenyewe lugha yetu.

Hebu fikiria ile kazi. Watu wamekaa mezani wanabishana hiki tukiite nini kile tukiite nini. Faili lilikuwepo tayari, kila aliyewahi kwenda hospitali ya serikali anajua faili ni nini. Hifadhi, nakili, bandika, futa, hariri, yote maneno ya bibi zetu, yakapewa kazi mpya. Kuna mengine mpaka leo hatujakubaliana. Mkenya ana tarakilishi, sisi tumebaki na kompyuta, na nywila na nenosiri bado wanagombania mlango mmoja.

Sasa mbona hatukuitumia? Nimewauliza wenzangu chuoni. Jibu la kwanza siku zote ni kicheko: "Kompyuta kwa Kiswahili? Inachekesha!" Mimi nadhani jibu la kweli lipo kwenye ile CD ya fundi. Lugha ya mashine zetu haikuchaguliwa na wenye mashine. Ilichaguliwa na aliyepiga Windows, naye alipiga alichonacho, kwa lugha aliyojifunzia, Next, Next, Next mpaka mwisho. Fundi akikariri mahali vitufe vilipo, kubadilisha lugha ni kumvurugia kazi. Na sisi tuliofundishwa kompyuta darasani tulikariri vilevile: bonyeza cha tatu kutoka kushoto. Mwalimu hakusoma, mwanafunzi hakusoma, onyo likija wote wanalibonyeza.

Na wala siutukani Kiingereza, mimi nakula kwa hicho hicho. Nasema tu kwamba nyumbani, kwenye mashine yenye mali ya mama, onyo linatakiwa liwe kwa lugha ya mwenye mali.

NILICHOFANYA WIKI HII

Nimeigawanya diski, C na D. D nimeipa jina MAGUNIA. Nimemfungulia mama akaunti yake ya kawaida, na ile yenye madaraka ya kufuta na kuweka programu ina nenosiri ambalo analijua yeye peke yake. Fundi akitaka kuweka au kufuta programu ndani ya Windows lazima amuombe mama aandike, na akiombwa atauliza "la nini?" Kila Jumamosi jioni jedwali linanakiliwa kwenye flashi, flashi inakaa kwenye kopo la sukari la zamani, haichomekwi mashine ya mtu.

Halafu nikaweka Kiswahili. Windows 10 inacho, ila kwenye orodha yake kimeandikwa Kiswahili cha Kenya. Mama akakaa akaanza kusoma kila kitu kwa sauti, kila kitufe, kama mtu anayesoma mabango ndani ya basi. Maneno mengine akayakataa. "Hili ni la wapi?" Nikamwambia la Kenya. Akasema sawa, nitalizoea kama nilivyozoea chapati zao. Halafu kuna mahali tulijaribu kufuta faili la majaribio, mashine ikauliza kama tuna uhakika. Mama akaondoa mkono kwenye kipanya. Akakaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo siku ile iliuliza hivi hivi?"

"Iliuliza, mama."

"Ningesema hapana."

Sikuwa na la kujibu.

Kuna habari mbaya pia, wala siwafichi. Windows 10 imefikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kama XP ilivyofikia wake Aprili 2014. Mashine ya mama ni ya zamani, Windows 11 inaikataa kwa sababu ya masharti ya vifaa vya ndani. Na sio ya mama tu, nendeni kwenye mastesheneri na mashule mkaangalie. Maana yake tunarudi pale pale: mashine kibao za mitumba zisizopata masasisho ya kawaida, flashi zinatembea, na fundi ana dawa moja. Tukikaa hivi, ile mila itapata sababu mpya ya kuishi miaka mingine ishirini.

Njia nyingine ni Linux, kama wale wa Kilinux walivyotaka tangu 2004. Nimeshapakua Ubuntu, ninaijaribu kwanza kwa flashi bila kugusa diski. Mama kasema hanikatazi ila MAGUNIA nisiisogelee.

Madeni je? Tunayajenga upya. Kuanzia Jumatatu tunazunguka kwa wakulima mmoja mmoja, mama anauliza, "Unakumbuka nilikuwa nakudai au unanidai?" Wengi wamekuwa waungwana. Mzee mmoja mama anakumbuka magunia 11, mzee anakumbuka 14. Mama kaandika 14. Nilipomuuliza njiani kwa nini, akasema, "Yeye hana kompyuta, huenda anakumbuka."

Ameandika kwenye jedwali, na ameandika kwenye daftari. Daftari jipya, kalinunua mwenyewe pale barabarani. Safari hii sikusema kitu.

Haya wadau, huo ndio ujumbe wa likizo. Ukienda nyumbani kwenu, kabla hujaulizwa matokeo, kaa na mzazi mbele ya mashine yake au simu yake. Muulize vitu vyake viko wapi. Kama hajui, usicheke, mwonyeshe. Na wenye uzoefu wa kumhamishia mzazi Linux mniambie mapema, kabla sijaharibu tena.

Tuonane chuo kikifunguliwa. Bumu likitoka mnikumbuke!